Wajane wa Kikosi cha Kengele

Sogeeni, wanangu, mkae chini wote, na wewe Melkizedek acha kunong'ona na padre hapo barazani, maana kilichovimba ni miguu yangu, masikio yangu yako salama. Nimekusikia tangu alfajiri. Wewe mwanangu wa kwanza unataka harusi ya mdogo wako isogezwe mbele mpaka mama apate nafuu, au mpaka mama azikwe, lolote litakalotangulia. Haisogezwi. Anselmi anamwoa Skolastika leo saa nne kanisani, na mchana wali utaliwa katika uwanja huu huu wa Rudewa, na watu watacheza mpaka vumbi lipande juu ya paa. Nikifa kabla ya misa, nifunikeni shuka, mfunge mlango, mwende mkacheze, mtanizika kesho. Huo ndio wosia wangu wa kwanza, na ndio mzito kuliko yote, kwa hiyo nimeutanguliza pumzi ikiwa bado ipo.

Mali yangu mnaijua, haina mafumbo. Shamba la mtoni ni la Melkizedek, aliyelilima tangu hajaota ndevu. Migomba na kiwanja cha nyuma ni vya Anselmi na mkewe. Ng'ombe saba ni wenu wote, wala wasigawanywe, na nitawaambia sababu. Nyumba hii ni ya Bibi Mwanvua huyu aliyekaa kitandani pangu, mpaka siku atakayonifuata, na mtu yeyote asithubutu kumwuliza yeye ni nani katika ukoo wetu. Yeye ni Mwislamu, mimi ni Mkristo, kwao ni Kilosa mjini na kwetu ni Mahenge, lakini tulizaliwa siku moja, Jumatano moja ya mwaka wa thelathini na sita, tukiwa tayari watu wazima, wake za watu. Habari hii mmeisikia vipande vipande. Leo isikieni nzima.

Enzi hizo mkonge ulifunika nchi hii mpaka jicho likachoka. Baba yenu Urbanus alikuja manamba, kibarua wa mkataba, na kipande chake cha kazi mfukoni, akakata mkonge miaka miwili, kisha akahamishiwa korona, kwenye mashine zinazochuna majani yakatoka nyuzi. Mzungu wa shamba tulimwita Bwana Miwani. Na kwa kuwa nyuzi kavu hushika moto upesi kuliko nyasi za kiangazi, watu kumi walichaguliwa wawe kikosi cha kengele. Kengele yenyewe ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa. Kikigongwa, wale kumi waliacha lolote walilolishika, wakakimbia na ndoo na magunia yaliyoloweshwa.

Jumatano hiyo baba yenu alikuwa na mapumziko, ananyoa ndevu mlangoni huku mimi nimemshikia kioo. Alikuwa amemaliza shavu la kulia. Nikamtania, nikamwambia sasa unafanana na mbuzi aliyeliwa na fisi upande mmoja. Alikuwa anacheka reli ilipogongwa. Akanipa wembe, akaniambia, "Shikilia hapo hapo, narudi kumalizia," akakimbia.

Moto ulikuwa katika ghala la marobota, na ndani walikuwamo wanawake wanaochambua nyuzi, wengine na watoto mgongoni. Baba yenu na Shomari, mume wa Mwanvua, fundi wa mashine, waliingia mara tano. Walitoa watu kumi na wanne. Wa mwisho alikuwa binti mdogo wa Kimasai aliyekuja kuuza maziwa, jina lake Naisenya, wakampitisha dirishani. Walipogeuka kutafuta mlango, paa likashuka. Moshi ndio uliowaua, si moto. Sura zao zilikuwa nzima. Aliyemwosha baba yenu alikuja kuniuliza kama amalizie zile ndevu. Nikamwambia mwache, ndivyo alivyotoka nyumbani.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo urithi wenu ulipo. Watu walikuja wengi, wakasema pole, wakala, wakaondoka. Siku ya nne karani wa shamba akaja na karatasi: nyumba za kambi ni za wenye kazi, wajane wahame baada ya mwezi mmoja. Mimi nilikuwa na Melkizedek wa miaka sita na Anselmi wa miaka miwili. Mwanvua alikuwa na mimba. Tulikuwa tunajuana kwa salamu tu. Jioni ile alikuja na mkeka wake, akautandika karibu na wangu, akasema, "Dada Domina, mimi siwezi kulala katika chumba chenye viatu vyake." Tukalia pamoja.

Kesho yake wakaja wale wanane waliobaki wa kikosi. Nikajua wanaleta pole nyingine. Mmoja wao, Hezekia, alisogea mlangoni. Akatoa kamba, akapima mlango wangu, urefu na upana, akaenda kupima wa Mwanvua. Nikamwuliza, "Unafanya nini, kaka?" Akanijibu, "Tumekwenda kwa jumbe wa Rudewa, ametupa ardhi. Milango tutaing'oa na kwenda nayo, ili watoto wasipotee." Maana, wanangu, mtoto akiamka mahali pageni akauona mlango wa kwao, haogopi.

Walijenga Jumapili tatu. Kazi ya shamba ilikuwa imewavunja migongo wiki nzima, nao siku ya kupumzika walikuja kukandika udongo. Na Jumapili ya pili akaja Moringe, baba yake Naisenya, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha maneno kumi, na wake zake wamebeba vibuyu vya maziwa. Alikuwa na mtamba mweupe. Akanipa kamba mkononi, akasema, "Mtoto wangu anapumua. Huyu anapumua. Chukua." Mtamba yule ndiye bibi wa ng'ombe wote saba. Mtamgawaje?

Jumapili ya tatu walikuwa wanaezeka. Mnyapara wa kambi, mtu mnene mwenye sauti ya kutisha, alipanda juu kuonyesha vijana jinsi fito zinavyofungwa, huku akiwatukana wote kuwa ni wavivu. Akapasua paa, akatua kwenye shimo la udongo wa kukandikia, akazama mpaka kifuani, na kofia yake bado iko kichwani. Nikasikia mtu anacheka, na mtu huyo alikuwa mimi. Nilishika mdomo kwa aibu, maana hata arobaini haijaisha. Mwanvua akaniondoa mkono mdomoni. Akasema, "Cheka, Domina. Walikufa ili watu wapumue. Na anayecheka ndiye anayepumua kweli kweli." Yule mnyapara naye akaanza kucheka humo shimoni, na ilibidi watu watano wamvute, na kila walipomvuta walicheka wakamwachia. Tangu siku hiyo, wanangu, sijaona haya ya kucheka msibani. Wahenga walisema kifo cha wengi harusi. Mimi nasema hata kifo cha mmoja, watu wakija na mikono yao, hakishindi nyumba.

Lakini lipo la kinyongo, nalo nalitoa leo ili lisizikwe nami likaota. Kaka yake baba yenu, Wenceslaus, huyo mnayemwita baba mkubwa, alikuja kutoka Mikumi mwezi ule ule, akataka anirithi. Nikakataa. Akachukua baiskeli ya marehemu, na mlangoni, mbele ya watu, akasema, "Mwanamke gani humwacha mumewe aingie motoni?" Baiskeli sikuijali. Neno lile nilitembea nalo miaka mitano kama mwiba wa mkonge uliokatikia ndani.

Mwaka wa arobaini na moja tukapata habari kuwa askari mmoja wa bwana nyama, wale wanaolinda wanyama wa porini, kule Mikumi ameuawa na nyati, baada ya kuwakinga wajenzi wa barabara wapate kukwea miti. Ameacha mke, Hildegarda, na mtoto wa miezi mitatu. Mwanvua akaniuliza, "Tunakwenda lini?" Hakuuliza kama tunakwenda. Tukafunga unga na jembe, tukatembea siku nne, tukapita kijiji cha Ulaya, na ndiyo maana Bibi Mwanvua huwaringia watu sokoni kwamba yeye amefika Ulaya kwa miguu yake.

Tulikuta nyumba imejaa watu wanaosema pole, na pipa la maji ni tupu, na mbuzi hawajafunguliwa tangu jana. Hildegarda alikuwa amekaa haoni wala hasikii. Mwanvua akashika mchi, mimi nikamchukua mtoto. Lakini kisima kilikuwa mbali, na mtu mmoja tu pale jirani ndiye mwenye baiskeli.

Nikaenda nikabisha hodi. "Shikamoo, kaka." Wenceslaus akasimama mlangoni, hakuitika. Akadhani nimekuja kudai. Nikamwambia, "Sikuja kuchukua baiskeli. Nimekuja kuiazima, na wewe ukiwa juu yake." Ndipo akasema, "Marahaba, Domina," na machozi yakamtoka mtu mzima yule. Akasema, "Nilikutukana kwa sababu moto siwezi kuutukana ukasikia." Akachota maji siku arobaini, na baada ya arobaini hakuacha, akamlea yule mtoto kama wake mpaka akamsomesha kwa masista. Mtoto yule ndiye Skolastika. Nilimbeba mgongoni siku tisa, akaniharibia kanga mbili, na leo anaingia nyumbani kwangu na vigelegele! Na baba mkubwa wenu ndiye huyo nje anayewapa wapishi amri wasizozisikiliza. Msimhesabie tena neno lile. Mimi nimelifuta.

Nipe maji, Mwanvua. Kidogo tu.

Basi shikeni niliyoyaona, maana tumefika katika nyumba kumi na tisa, mimi na huyu, za watu waliokufa wakiwaokoa wengine, wa relini, wa mtoni, wa moto. Msiende siku tatu za kwanza tu. Wakati huo kila mtu yupo. Nendeni mvua zikianza, maana mjane hulikumbuka paa lake mvua ikinyesha. Mtajeni marehemu kwa jina, simulieni vituko vyake mbele ya watoto, kwani wanangu nyinyi mmemjua baba yenu kwa ndevu za upande mmoja, na mmempenda. Msimwite mama wa watu mke wa shujaa kisha mkamwacha alale na njaa. Na akicheka, asikuteni mmenuna.

Lililobaki ni moja. Juzi Alhamisi imekuja habari ya Dumila. Lori la mkonge lilisombwa na mto likiwa na abiria. Dereva, kijana wa Tukuyu aitwaye Lupakisyo, alikuwa ameshafika ukingoni salama. Akarudi majini mara tatu, akatoa watu watatu. Mara ya nne hakuonekana. Mkewe yuko pale peke yake, ndugu zake wako mbali, siku kumi za njia. Mimi nilikuwa nimekwisha kufunga unga wangu, miguu ikakataa.

Kwa hiyo kesho nendeni. Chukueni wali utakaobaki, na ng'ombe mmoja mwenye maziwa. Melkizedek, beba kamba ya kupimia. Skolastika atangulie, hata kama ni bibi harusi, kwa sababu yeye hahitaji kufundishwa. Na kama mimi nitakuwa nimeondoka, wanne wabaki kunichimbia, wengine wote Dumila. Msijaze watu kaburini kwangu. Mimi sitakuwa na shida ya maji.

Mungu awape mikono isiyochoka. Awape... awape nyumba zenye kelele. Anselmi, mpende mkeo, mchekeshe kila siku, hata kwa ndevu. Melkizedek, sogeza kichwa chako nikushike... baba, usilie, utalichafua shati la harusi. Nimewabariki nyote, na watakaozaliwa, na hao... hao wanaopika nje.

Sasa ondokeni, misa haingoji. Mwanvua atabaki nami. Neno moja... mke wa yule dereva... anaitwa Tupokigwe. Mkibisha hodi mwiteni kwa jina lake, maana tangu Alhamisi... kila anayeingia humwita mjane.