Kompyuta za Watu Walio Hai

Bwana asifiwe, wapendwa! Asifiwe na wenye furaha, asifiwe na sisi tuliokuja na kanga ya kufutia machozi. Mimi naitwa Flora, wengi mnaniita Mama Tumaini fundi, yule wa fremu ya kompyuta nyuma ya soko. Mchungaji ameniomba niwe mfupi. Nitajaribu, ila mnanijua.

Ndugu zangu, sikuja kushuhudia kwamba Mungu alinifufulia mume. Hakumfufua. Beda amelala kwao mlimani, na mimi namlilia mpaka leo. Nimekuja kusema alichonitendea Mungu nikiwa humo humo ndani ya kilio.

Beda alikuwa Mluguru wa huko juu kabisa, ambako ukungu hauwaachi watu waone ng'ambo. Mimi ni Mbena wa Njombe. Tulianzia kwenye baraza ya mama mmoja wa saluni: meza moja, bisibisi, brashi ya rangi ya kufutia vumbi, na printa iliyokuwa inakohoa kuliko kuchapa. Yeye alifungua mashine, mimi nilichapa barua za watu. Baadaye akanifundisha. Alinishika mkono akanionyesha feni inavyotolewa, betri inavyopimwa, kioo kinavyobandikwa bila kupasuka. Nikawa fundi kwa mkono wa mume wangu.

Kazi ikakua. Tukahamia kwenye fremu, chumba chetu cha duka cha kupanga, tukaweka kibao. Shule zikaanza kutuita kwa ushauri: wanunue mashine za aina gani, waziweke wapi, waziunganishe vipi. Beda alipenda mno hiyo kazi ya ushauri, maana alikuwa hana aibu. Mwalimu mkuu mmoja alimwambia wanataka kompyuta za kisasa. Beda akatazama juu, akaona mbingu kupitia kwenye paa, akamjibu, "Mwalimu, ushauri wangu ni mnunue bati kwanza." Wakanunua bati. Mwaka uliofuata wakatuita tena, tukawafungia kompyuta.

Na alikuwa na tabia moja, nawaomba muishike, maana ndiyo iliyotuponza. Hakuandika jina la mteja kwenye mashine. Alizijua kwa kuziangalia tu. Ya Kisaki ilijaa vumbi, ya milimani ilinuka moshi wa kuni, ya mwanafunzi wa Mazimbu ukiitikisa inadondosha makombo ya chapati. Nilimwambia, baba Tumaini, tubandike hata plasta yenye jina. Akanicheka. "Mke wangu, mbuzi wa jirani unamjua mpaka aandikwe?" Basi majina ya watu wote yakakaa kichwani mwake.

Siku moja akapanda na pikipiki kwenda kutengeneza mashine ya shule huko juu. Mvua ilikuwa imenyesha. Mimi nilikuwa dukani nabadilisha kibodi. Wakanipigia simu, njoo hospitali, ameumia kidogo. Jamani, mnajua tunavyoambiana. Nilipofika, hata wale waliokuja kunipokea walikuwa wamevua kofia.

Tulimzika kwao, kwenye ardhi ya ukoo wa mama yake. Hapo nieleze kidogo kwa wageni. Kwa Waluguru mtu ni wa ukoo wa mama. Mwanaume akifa, vyake vinakwenda kwa wapwa zake, watoto wa dada yake. Kwetu Njombe mtoto ni wa ukoo wa baba. Sasa Tumaini wangu, kwa mila ya kwao ni wa kwetu, na kwa mila ya kwetu ni wa kwao! Nilipokuwa nimekaa kwenye mkeka nikimwangalia mwanangu, niliona ameanguka katikati ya milima miwili hana wa kumwokota.

Haikupita muda, ndugu wakashuka mjini na gari la mizigo. Aliyewaongoza ni wifi yangu Paskalia, dada yake Beda. Sitaki mumfikirie vibaya. Walikuja na heshima zao, wakalia na mimi, wakala ugali wangu. Kisha wakafungua fremu, wakabeba vya marehemu: bisibisi, mashine yake mwenyewe, na kompyuta zote zilizokuwa mezani na kwenye rafu. Zote! Hawa ni wakulima wa kabichi na njegere. Kwao kilichomo ndani ya nyumba ya mtu ni cha mtu huyo. Nani angewaambia kuna kazi ambayo ndani ya duka la mtu vitu vyote ni vya wengine?

Nilisema, ndugu zangu. Nilisema huku nalia, "Wifi, hivyo ni vya watu." Akanishika bega akanijibu kwa upole, "Najua, wifi. Inauma." Alidhani nalia kama kila mjane anavyolia mali ikitoka. Gari likaondoka. Nilisikia baadaye kwamba mlimani wakakaa kikao na mjomba wa ukoo, kila mpwa akapewa kompyuta yake.

Wateja wakaanza kuja. Kwanza walikuja na pole. Halafu pole ikaisha. Mwalimu mmoja wa Mikese alisimama mlangoni akasema, "Mama, marehemu tunamwombea, lakini kompyuta yangu iko wapi?" Binti wa Mazimbu alikaa kwenye ngazi akilia, kazi yake yote ya chuo ilikuwa mle. Nikiwaeleza, naona machoni mwao hawaniamini. Na mimi nisingeamini! Sokoni maneno yakaanza kutembea: fundi Beda kafa na mashine za watu, aliziuza kabla hajafa. Mwalimu wa Mikese akarudi mara ya pili, safari hiyo alinitukana, akamtukana na marehemu.

Wapendwa, njaa ningeivumilia. Kufunga duka ningevumilia. Lakini Beda, mtu ambaye akikuta sarafu ndani ya mashine anakurudishia na sarafu, aitwe mwizi akiwa kaburini? Hapo nilipiga magoti chini ya meza tupu, nikamwambia Mungu kwa hasira, naomba mnisamehe, nilimwambia, "Bwana, sitaki kitu cha kwao. Zirudishe mashine za watu, mume wangu asiitwe mwizi." Sikusikia sauti. Nilisikia tu saluni jirani wakicheka na redio yao. Nikainuka vivyo hivyo.

Kesho yake asubuhi nikamshika Tumaini mkono, nikatia kwenye mfuko chaja chache walizoziacha, tukapanda mlima. Pikipiki ilituacha barabara inapoishia. Tukapita kwa miguu pale alipoteleza Beda. Majani yalikuwa yameshaota upya. Nilichukia hata yale majani. Moyoni nilikuwa nimeandaa maneno makali, ningemvua nguo mama mkwe wangu mbele ya majirani. Ndivyo nilivyokuwa, nisiwadanganye.

Nimefika, namkuta mama Beda anachambua maharage, na wifi yupo, na vijana wawili watatu wamezunguka kompyuta juu ya kinu. Nikasema shikamoo. Mama akaitikia marahaba kwa furaha kubwa, akawaita vijana. "Afadhali umekuja, mkwe wangu! Hawa wameshindwa kuziwasha. Wafundishe."

Jamani! Nilisafiri na matusi, napokelewa kama mwalimu. Nilitaka kulia, nikataka kucheka. Umeme umeshafika kule siku hizi, nikachomeka chaja kwa sababu sikujua nifanye nini kingine. Nikabonyeza. Kabla hata ya kuulizwa neno la siri, kioo kikawaka, ikatokea picha ya mwenye mashine: mwalimu wa Mikese, amebeba watoto wake pacha, mmoja mkono huu, mmoja mkono huu, anacheka meno yote nje.

Mama Beda akasogea. Akamtazama sana. Akauliza taratibu, "Huyu naye amekufa?"

Nikamjibu, "Hajafa, mama. Juzi alikuwa mlangoni kwangu ananitukana. Kompyuta ni yake. Alimletea Beda aitengeneze."

Mama akaweka mkono mdomoni. Maharage yakamwagika. Akamgeukia wifi, akasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Paskalia, tumemrithi mtu aliye hai! Huko si kumtakia kifo? Na watoto wake wako hapa wanatuangalia!"

Ndugu zangu, mimi nilikuwa nimeandaa hotuba ya mali. Mungu hakuihitaji. Alitumia sura ya mtu aliyenitukana! Kwa mama yule habari ya duka, sijui mteja, sijui risiti, ingekuwa kelele tu. Lakini kukaa na vitu vya urithi vya mtu anayepumua, hilo alilielewa kuliko mimi. Wifi Paskalia alijifunga kanga kiunoni, akatoka mwenyewe nyumba kwa nyumba, akipiga kelele kwenye makorongo kuwaita wapwa. Wakaja nazo, wengine wamezibeba kwenye majani ya mgomba kwa sababu ya mvua.

Tukaziwasha moja moja pale uani. Yule binti wa Mazimbu akatokea na miwani yake. Akatokea sista, wakatokea bwana na bibi harusi. Kila sura mama aliuliza, mzima? Najibu, mzima, mama. Anasema, "Mungu amlinde," anaiweka upande. Moja haikuwa na mtu, ilikuwa na picha ya ua tu. Kijana akadai basi hiyo ni yake. Mama akamkazia macho. "Na hilo ua ni la mtu."

Ikabaki ya mwisho. Niliijua kabla sijaifungua, kwa sababu herufi zake zilishafutika kwa vidole. Nikawasha. Tukatokea mimi, Beda na Tumaini, siku ile tuliyoweka kibao cha duka. Mama hakuuliza kitu. Alikaa chini kwenye udongo akasema, "Beda, karibu, mwanangu." Tulilia, wapendwa. Nilimlilia mume wangu mikononi mwa watu niliokwenda kuwatukana, na uchungu niliokuwa nao juu yao ukanitoka. Sijui ulikwenda wapi. Sijauona tena.

Wifi akasema, hii ni ya Beda, kwa mila ni ya mpwa mkubwa, lakini humu ndani wamo wawili walio hai, tutafanyaje? Nikasema abaki nayo mama. Mama akamvuta Tumaini akamketisha mapajani, akamwonyesha kioo. "Huyu baba yako. Na mimi ni wako, usisikie la mtu." Mwanangu aliokotwa siku hiyo.

Nilishuka na mashine za watu, vijana wamenibebea vichwani mpaka barabarani. Nilizunguka nazo, mlango kwa mlango, nikimtaja Beda kila mlango. Mwalimu wa Mikese alilia kuliko mimi, akaenda mwenyewe sokoni kuyafuta yale maneno. Sitadanganya madhabahuni: moja haikurudi nzima, ilinyeshewa, vyote vilivyokuwemo vikapotea, na mwenyewe mpaka leo tukikutana njiani anavuka upande wa pili. Hilo nalibeba. Wifi alinirudishia bisibisi za Beda, mpwa mkubwa mwenyewe ndiye aliyezifunga kwenye kitambaa. Kodi ya fremu ilinishinda, nikaanza upya barazani pa saluni, kisha Mungu akafungua, nikairudia fremu. Shule zinaniita tena kwa ushauri. Ushauri wangu wa kwanza kwa kila mwenye biashara ndogo ni huu: kitu cha mtu kikiingia dukani kwako, bandika plasta yenye jina lake, kwa sababu utakufa. Wengine wananikasirikia. Wanabandika lakini.

Nawe uliyekaa hapo, umefiwa, umenyang'anywa, umeandaa maneno makali moyoni: mtumaini Mungu hata ukiwa na hasira naye. Panda huo mlima hivyo hivyo. Sisemi utarudishiwa yote. Nasema hutakuwa peke yako ukifika.

Nina ombi moja, halafu nakaa. Kila mwezi napanda kwa mama Beda kuitazama ile mashine. Imezeeka. Nimebadilisha feni, nimebadilisha diski, ile picha nimeitunza kwingine, nikamchapia mama kubwa nikamtilia fremu ya kioo. Ameitundika, ameshukuru, akaniambia, "Nzuri, mkwe wangu, lakini hii haiwaki." Anaitaka ile ile. Jioni anamwamsha mwanawe, anamwambia karibu, wanakaa wote kidogo, anamzima alale. Kilichobaki cha zamani humo ndani ni ubao wake tu, ule mkubwa unaobeba vyote, na ubao huo haupatikani tena madukani, nimeutafuta mpaka Dar. Siku ubao huo ukifa, mimi ndiye nitakayetakiwa kumwambia mama. Ndugu zangu, mnaombea wagonjwa, mnaombea wasafiri. Mniombee na ile kompyuta.

Bwana asifiwe.