Miaka Thelathini na Moja ya Kuogopa Cheche: Bi. Saida Nalinga

Tarehe 30 Juni Bi. Saida Nalinga anastaafu, baada ya miaka thelathini na moja kwenye jukwaa la kupakilia mafuta la bohari yetu. Alianza kwa kufagia. Anaondoka akiwa msimamizi wa usalama. Madereva wa njia ya Kilambo humwita Mama Cheche, ila si mbele yake.

Kwa wasioijua hofu yetu, nieleze. Vitu viwili vikigusana kisha vikaachana, kimoja huondoka na chaji ya umeme. Ndiyo maana sweta ya nailoni hulia ukiivua. Petroli ikipita bombani hufanya vivyo hivyo, na chaji hujikusanya kwenye lori. Kwa hiyo kila lori hubanwa waya wa athi, unaoipeleka ardhini. Isipokwenda huko, hungoja mahali pa kurukia, na mvuke wa petroli hauhitaji zaidi ya cheche moja.

Agosti 2014 dereva wetu Gideoni alileta lori alilolipaka rangi mwenyewe, jekundu la kung'aa. Hakutaka kulikwangua, akabana athi juu ya rangi. Rangi haipitishi umeme. Lita elfu tisa zilikuwa zimeshaingia Bi. Saida alipoona kibanio cha waya hakikuacha mkwaruzo kwenye rangi. Akafunga valvu. Gideoni, kwa nia njema, akanyoosha mkono akihamishie kwenye chuma, palepale kando ya mfuniko ulio wazi, mvuke unakotokea.

"Usiguse, mwanangu. Shusha mkono, urudi nyuma polepole."

Tulisimama mbali nusu saa, tukingoja chaji ipungue yenyewe. Nilikuwepo. Baadaye Gideoni alichukua msasa akalikwangua lori lake mpaka chuma, bila kuambiwa.

Wiki iliyofuata Bi. Saida alitengeneza kibao cha plastiki na karatasi ya aluminiamu, akakiweka nje ya geti. Ukikikanyaga, taa nne ndogo huwaka, na betri hakuna, ni chaji ya kugusana na kuachana tu. Madereva hucheka, hukanyaga tena. Ndipo huwauliza: ikiwa unyayo mmoja unawasha taa nne, lita elfu thelathini zitawasha nini?

Mwezi uliopita nilimkuta na Lucy, anayempokea kazi, wakikagua vibanio mara ya pili. Aliniambia cheche haimnyimi usingizi tena. Kinachomnyima ni siku tutakayozoea.

Ahsante, Bi. Saida, kwa kila jioni tuliyorudi nyumbani wazima. Mungu akujalie siku tulivu huko Shangani unakokwenda kupumzika. Lala bila wasiwasi. Zamu ya kuogopa sasa ni yetu.