Mama Saa Anaiaga Wodi ya Kifua

Tarehe thelathini Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja na miezi minne kazini, muuguzi mkuu wa wodi ya kifua atakabidhi funguo za kabati la dawa. Sisi tunamwita Mama Saa, kwa kuwa hahesabu pumzi za mgonjwa bila saa yake mkononi, hata kama ukutani ipo nyingine.

Alianzia chumba cha sindano, akaletwa kwetu kuziba pengo kwa miezi sita tu. Miezi hiyo haijaisha hadi leo. Madaktari wapya walimwogopa kuliko mtihani. Chai yake ilipoa kila siku, naye akadai ndivyo anavyoipenda.

Lakini mimi, niliyefanya naye kazi miaka kumi na tisa, namkumbuka zaidi kwa asubuhi moja ya hofu.

Fundi cherehani mmoja, mwenye saratani ya titi, alikuwa amerudi kwetu mara ya tatu ndani ya mwezi. Maji yalikuwa yakijaa kati ya pafu na ukuta wa kifua. Tukiyatoa, wiki haiishi yamerudi. Alilala ameketi, maana akilala chali alihisi anazama. Daktari akaamua kuyakausha kwa mpira uliopenyezwa kifuani, kisha kupitisha dawa humohumo ili pafu na ukuta vishikane, maji yakose pa kukaa. Saratani isingepona, ila angalau angepumua.

Shida ni kwamba mgonjwa wa kwanza kuwekewa dawa hiyo wodini kwetu alibanwa pumzi, akafariki siku ileile. Mama Saa ndiye aliyemfumba macho.

Fundi aliiona mikono ya Mama Saa ikitetemeka. "Dada, unaogopa?"

"Naogopa," alimjibu. "Ndiyo maana siendi popote."

Ganzi ikatangulia, dawa ikafuata, mpira ukabanwa kwa kibanio ili dawa isitoke, ukae hivyo saa nzima. Fundi akageuzwa ubavu huu na ule ili dawa isambae, akiuma shuka. Dakika ya ishirini na tano pumzi zikapanda hadi arobaini kwa dakika, midomo ikabadilika rangi. Daktari alikuwa jengo la pili. Mimi nilisimama kama nguzo. Kufungua kibanio ni kumwaga dawa, pengine na bahati pekee ya mgonjwa.

Mama Saa alifungua. Akaweka oksijeni, akamwinua, akahesabu kwa sauti ya chini. Arobaini. Thelathini na tisa. Muda mrefu ukapita. Thelathini na moja.

Daktari alipofika aliitazama dawa iliyomwagika kwenye chupa ya kupokelea maji, akasema hata yeye angefungua. Mama Saa akaingia stoo ya shuka, akalia.

Siku tatu baadaye picha ilionyesha pafu limeshika. Dawa iliyobaki ndani ilitosha. Fundi alirudi kwenye cherehani yake, akashona miezi tisa zaidi. Ugonjwa ulimchukua hatimaye, nyumbani kwake, akiwa amelala chali.

Tangu hapo ikawa sheria wodini: dawa ikiingia kifuani, muuguzi haondoki kitandani. Wagonjwa zaidi ya mia wamepita. Wiki iliyopita alimsimamia wa mwisho, na mikono ilitetemeka vilevile.

Dada mkubwa, hofu hiyo tuachie sisi, tumeipokea. Ahsante kwa yote. Nenda kwa wajukuu zako. Tunakuombea afya, miaka mingi na usingizi mzito.