Redio Haikuoni

Benchi lenyewe lilikuwa mlango. Nyumba ya kona ilipobomolewa, mlango wake ulilazwa juu ya mawe mawili mbele ya kibanda cha kuchaji simu, na tundu la kitasa likabaki palepale, kiasi kwamba kila mgeni aliyekaa vibaya alibanwa suruali na wenyeji wakapata la kucheka. Kila alasiri walikutana hapo: Betri, mlinzi mstaafu asiyeachana na redio yake iliyofungwa kwa mpira, Gazeti, aliyekuwa karani na bado huvaa tai, Chaji, mwenye kibanda, na Shangazi, muuza kahawa, ambaye hakuwa shangazi wa yeyote kati yao. Mwisho wa benchi, karibu na sanduku la kazi yake, alikaa Fundi Soli, mshona viatu. Tangu amzike mkewe, masika yaliyopita, Fundi alikuwa mtu wa maneno machache. Alikunywa kahawa yake, akamshukuru Mungu kwa sauti ya chini, akawasikiliza wenzake. Leo hata kahawa hakuigusa. Mbele yao ilisimama simu juu ya miguu mitatu ya chuma, jicho lake limelielekea benchi.

Mgombea alikuwa njiani. Redio ya mji ilimwalika, akakataa. Mhariri wa gazeti alimwalika, akakataa. Alisema atazungumza na wananchi wa kawaida, kijiweni, na mazungumzo yatarushwa moja kwa moja kwenye simu za watu. Asubuhi alikuja dada mmoja wa kampeni, nadhifu, mwenye manukato. Akawatazama nyuso mmoja mmoja kama anayechagua nyanya, kisha akamshika Fundi bega. Akamwambia ana uso wa kuaminika. Akampa swali la kumuuliza mheshimiwa, akamfanya alirudie mpaka likakaa kichwani. Alipokuwa anaondoka akasema, bila kugeuka, kwamba anamfahamu binti yake, yule anayefagia ofisi za halmashauri. Binti mchapakazi sana, akasema.

Tangu hapo Fundi alikuwa akishona kiatu kilekile.

— Mimi nawaambia, alisema Betri, huyu bwana anaikimbia redio. Uchaguzi uliopita si aliingia studio? Mtangazaji akamuuliza habari za soko lililoungua. Alikohoa, bwana, akakohoa mpaka wakaweka muziki.

— Redio maneno yake yanapeperuka, alisema Gazeti. Anachoogopa ni gazeti. Gazeti halifi. Miaka kumi baadaye unanunua sukari, unafungua kifurushi, unakutana na ahadi yake hapo, ina chembe za sukari juu.

— Nyinyi wazee mnaishi wapi? alisema Chaji, akiwa ameinama anarekebisha miguu ya ile simu. Watu hawako redioni. Watu wako humu. Mtu ana dakika mbili za kukusikiliza, ukimchosha anakusukuma kwa kidole, umekwenda. Mgombea gani mwenye akili ataenda kukaa na mtangazaji wa saa nzima?

— Na wewe wamekupa nini?

— Kazi. Wamenipa kazi, Betri. Wewe redio imekupa nini?

Betri aliipapasa redio yake. Ilikuwa imezimwa, dada wa kampeni ndiye aliyeagiza.

— Imenipa nafasi ya kumtukana mtu bila yeye kujua, alisema. Miaka yote tumekaa hapa tunawatukana hawa kupitia redio. Nani aliwahi kutufuata? Redio haikuoni. Hiki kidude kinakuona.

Fundi alilivuta sanduku lake la kazi karibu na miguu.

— Yule seremala wa hapa mtaani si alionekana? alisema Gazeti, ameshusha sauti. Kwenye mkutano wa yule mpinzani. Alikuwa anapita tu, akacheka kitu chake mwenyewe. Video ikazunguka. Siku ya pili hana kioo hata kimoja dirishani.

— Na hawa wakituona hatucheki? aliuliza Shangazi.

— Hilo ndilo baya zaidi. Wanayo mashine huko kwao. Wanatazama unavyopepesa macho, wanajua utampigia nani kura.

— Basi mimi sipepesi.

— Usipopepesa wanajua unaficha.

— Macho si hoja, alisema Betri. Ni vidole gumba. Simu za siku hizi zinasoma alama ya kidole kwa mbali. Ukishika kikombe hivi, kidole kimeielekea, wamekwisha kukuchukua. Siku ya kura unafika, unaambiwa umeshapiga.

— Wewe Betri, uongo wako una miguu minne.

Lakini Gazeti, aliyesema hivyo, alikikunja kidole gumba chake ndani ya ngumi, na baada yake Shangazi naye. Ukawaona watu wazima wanashika vikombe kwa vidole vinne, kahawa inawamwagikia magotini. Chaji alicheka peke yake. Kisha akaacha.

— Fundi, alisema, hebu jaribu swali lako. Asije akafika ukababaika.

— Nimelishika.

— Liseme tusikie, kaka, alisema Betri. Sisi ni watu wako.

Fundi aliweka chini kiatu alichokuwa nacho mapajani. Alimwomba Mungu ampe sauti, kisha akasema taratibu, kama alivyofundishwa:

— Mheshimiwa, baada ya kutujengea zahanati nzuri namna ile, una mpango gani mwingine na sisi wananchi wako?

Hakuna aliyemtazama. Shangazi alilifuta birika ambalo halikuwa na uchafu. Wote walikuwepo siku ya maziko ya mkewe.

— Swali zuri, alisema Gazeti mwishowe. Fupi.

— Binti yako unaye mmoja tu, alisema Betri. Liulize liishe. Mungu anajua moyo wako.

— Hicho ndicho ninachoogopa, alisema Fundi.

Wakati huo alitokea mama kijana, mtoto mgongoni, kanga imelowa jasho. Ni mpangaji mpya wa vyumba vya uani. Jana walimwona akishusha godoro.

— Shikamooni, wazee wangu.

— Marahaba, mwanetu.

— Samahani kuwakatiza. Nimesikia mnataja zahanati. Mtoto ana homa tangu usiku, na mimi ni mgeni hapa. Inafunguliwa saa ngapi?

Betri alizungusha kitufe cha redio ambayo haikuwaka. Gazeti alifungua gazeti lake katikati, kwenye matangazo ya nyumba za kupanga. Chaji aliikumbuka shughuli fulani kibandani, akaingia.

— Au nimeuliza vibaya?

— Hujauliza vibaya, mwanangu, alisema Shangazi. Akainamisha birika ampe walau kahawa. Yakatoka matone mawili ya machicha.

Yule mama aliwatazama, akamweka mtoto sawa mgongoni.

— Basi nitakaa nimsubiri huyo mheshimiwa. Kama zahanati ni yake, saa zake atazijua. Nitamuuliza mwenyewe.

Akaketi karibu na Fundi, akamzungusha mtoto mapajani. Mtoto hakulia. Midomo ilikuwa imekauka, macho nusu. Fundi alimgusa paji la uso kwa nyuma ya mkono, upande usio na gundi. Aliufahamu ule moto. Aliwahi kuubeba juu ya baiskeli, mikono ya mkewe imemzunguka kiunoni, ikilegea kadiri alivyokanyaga.

— Usimsubiri, alisema.

— Kwa nini, baba?

— Haifunguliwi. Ilifunguliwa siku ya kukata utepe, wakapiga picha, wakafunga. Mke wangu nilimpeleka pale. Nilibisha mlango mpaka mikono ikachubuka. Nilidhani labda wamelala. Akakata roho pale ngazini, ameniegemea. Usiende kule, na usikae hapa kumngoja mtu. Shika barabara kubwa, kwenye duka la magodoro kata kushoto. Mlango wa kijani. Kuna muuguzi mstaafu. Mwambie Fundi amekutuma. Nenda sasa hivi, mama, kimbia.

Mama alimfunga mtoto mgongoni huku anakwenda. Viatu vyake vilipiga kokoto mpaka vikapotea pembeni ya duka. Fundi alishusha pumzi. Hakuwa amewahi kuyasema maneno yale kwa mtu, hata kwa binti yake.

— Fundi, alisema Betri.

Alionyesha kwa kidevu. Chaji alikuwa amesimama mlangoni pa kibanda, mikono kichwani, macho kwenye ile simu.

— Niliifungua mapema, alisema Chaji. Yule dada aliniambia nifungue mapema ili watazamaji wakusanyike. Nilisahau kuwaambia. Haki ya Mungu nilisahau.

— Na sauti?

— Na sauti.

— Zima basi.

— Waliniambia nisizime kwa lolote.

— Wako wangapi humo? aliuliza Gazeti.

Chaji alisogea, akachungulia.

— Wanaongezeka, alisema.

Gazeti alianza kukunja gazeti lake, akalikunja mara ya pili, ya tatu, mpaka likawa dogo kama pochi.

— Kwenye gazeti wangekupa nafasi ya kukanusha, alisema. Sema ulikuwa unasimulia ya mtu mwingine. Sema sasa hivi, bado wanasikiliza.

Fundi aliitazama simu. Haikuwa na uso wala cheo, ukubwa wake kama kipande cha sabuni. Alisimama, akafungua mdomo. Alimwona mkewe kwenye zile ngazi, kitambaa chake cha kichwa kimelegea. Akaufunga.

Mwisho wa mtaa lilitokeza gari jeusi, na nyuma yake jingine. Yakasimama. Hayakusogea mbele, wala hayakurudi nyuma. Hakuna aliyeteremka. Shangazi alikusanya vikombe bila kuvisuuza, akavitia kwenye ndoo, na vilipogongana kila mtu alishtuka.

Ndipo simu ya Fundi ikaita mfukoni mwa aproni. Aliitoa. Lilikuwa jina la binti yake. Aliiacha ikaita, akamtaja Mungu, akapokea.

— Baba, sauti ilisema, ndogo, kama inayosemea kwenye kiganja. Nakuona. Hapa ofisini wote tunakuona. Kaa chini, baba, unatetemeka.