Florence Nakolong na Kimya cha Akina Mama

Wasikilizaji wapendwa, salaam aleikum kwa ndugu zetu Waislamu, na nyinyi wengine wote, habari zenu. Kama uko jikoni, punguza moto kidogo usikie. Leo tunamkumbuka Florence Nakolong wa Ngaremara, mkalimani. Tulimzika Jumamosi.

Wengi mlimjua. Wageni wakija na magari meupe, yeye ndiye alikuwa katikati. Kiturkana upande huu, Kiswahili upande ule. Daktari mmoja alimwuliza kwa nini mbuzi wanamfuata. Akajibu, "Nao wanataka kutafsiriwa."

Halafu wakaja watafiti kutoka nchi ya mbali. Walitaka kuwapa watoto wa boma la Mzee Ekeno dawa mpya ya homa, na kuwatoa damu. Narudia: dawa mpya, bado inajaribiwa.

Mkubwa wao, Dan, aliuliza kama akina mama wanakubali. Mzee Ekeno akajibu kwanza: "Boma langu limekubali." Akina mama wakanyamaza. Mnajua kwetu. Mwenye boma akishasema, mwanamke hamjibu mbele ya wageni. Kunyamaza huko si kukubali. Ni heshima tu. Lakini Florence akawaambia wageni, "Wote wamekubali."

Mjukuu wake, Akai, alikuwa kwenye foleni. Akatolewa damu, akameza dawa. Jioni mwili ukawaka moto.

Mama Akai, binti yake Florence, ananiambia: "Mama alikimbia mpaka kwa gari. Akauliza, 'Daktari, nani amepitisha hii dawa?' Dan akasema kamati ya kwao. Mama akauliza, 'Na ya Kenya?' Akasema, 'Inakuja, mama. Usijali.'"

Wasikilizaji, hapa msikilize vizuri. Kila nchi ina utaratibu wake. Lakini hapa Kenya, kibali cha kwao peke yake hakitoshi. Kamati ya maadili ya hapa lazima iangalie utafiti kwanza, kabla mtu hajaguswa. Narudia: kabla. Na mzazi wa mtoto aulizwe yeye mwenyewe.

Kesho yake Florence alipita nyumba kwa nyumba, akauliza mama mmoja mmoja, wazee wakiwa malishoni. "Mimi sikutaka," mmoja akamwambia. "Ungeniuliza jana." Florence akapeleka maneno hayo kwa Dan. Wageni wakafunga vitu, wakaenda. Damu ya watoto wakaenda nayo. Ile dawa ilikuwa na nini, mpaka leo hatujaambiwa.

Boma likamkasirikia, maana wageni walikuwa wameahidi unga na neti. Wakamwita Mama Kibali. Sokoni walikuwa wanamwita kwa sauti, "Mama Kibali, hii sukumawiki imepitishwa?" Alicheka nao.

Nyumbani hakucheka. "Kila asubuhi kabla ya chai," anasema Mama Akai, "alikuwa anamgusa mtoto paji la uso. Anamfungua macho, anaangalia. Mtoto akikohoa, mama amesimama. Akai alipona homa. Mama hakupona ile hofu."

Wiki iliyopita alianguka akiteka maji. Hakuamka.

Siku ya mazishi nilikaa na akina mama. Kaburi lilikuwa bado bichi. Gari jeupe likaja polepole, likasimama mbele ya Mzee Ekeno. Kioo kikashuka. Mtu ndani akauliza, "Mkalimani wa hapa yuko wapi?"

Hatukujua ni watu gani. Hatukuuliza. Mzee aliangalia kaburi, kisha akatuangalia sisi. Mama Akai alimvuta mtoto, akamfunika na leso mpaka kichwani.

Gari liliondoka. Walisema watarudi.

Mama Akai, Akai, na jamaa wote wa Ngaremara, poleni sana. Tuko pamoja nanyi. Mungu ampumzishe Florence Nakolong.

Na wewe mama unayenisikiliza, wakija kwako, na mwenye boma akajibu kabla yako, utasema nini? Kama ni ndio, kama ni hapana, liseme neno hilo sasa hivi, hapo hapo ulipo, kwa sauti. Ulizoee mdomoni.

Mimi nanyamaza kidogo, ujisikie.