Siku Niliyomtoa Mzee Golini

Wapendwa, mkae tu, mimi ndiye nisimame, ingawa kusimama kwenyewe na goti hili ni muujiza wa kwanza wa leo.

Wengi mnajua kule nyumbani Nakuru nilicheza hoki. Nilipofika Birmingham nikapata kazi kwenye ghala moja huko Nechells, na wenzangu Waairishi wakanivuta kwenye mchezo wao, hurling. Ni fimbo, mpira mgumu kama jiwe, na wanaume thelathini wanaotafutana meno. Msimu wa kwanza hakuna mfupa wangu uliosalia mahali pake. Lakini nilicheza! Nikiupiga mpira, watu wa Coventry walifunga madirisha.

Aliyenifundisha ni kipa wetu, Mwairishi wa makamo ya baba yangu. Alinishika mikono akanionyesha fimbo inavyoshikwa. Mwanangu alipozaliwa, yeye ndiye aliyetangulia kufika hospitali. Nilimwita Mzee, na timu nzima, Waairishi wote wale, ikamwita Mzee.

Kisha kano za goti zikakatika. Daktari akasema sitacheza tena. Kazi ya ghala nayo ikaisha, maana ni ya kusimama. Ndugu zangu, nilikaa kwenye kochi pale nyumbani Stechford nikisikiliza treni mpaka kochi likachukua umbo langu. Mke wangu akiuliza, "Baba, umekula?" nageukia ukutani. Kesho sikuitaka. Hapo msicheke.

Meneja wa timu aliporudi kwao, hakuna aliyeitaka kazi ile. Wakaniita mimi. Nikasomea ukocha shule ya jioni, nikafaulu kuliko binadamu yeyote tangu shule zianze. Nikadhani nimepona. Wapi! Tulifungwa kila mechi. Macho ya Mzee yalikuwa yamechoka, mpira unampita kama mwenye nyumba anayerudi kwake.

"Bosi, mtoe," wachezaji walininong'oneza.

Nimtoeje? Jinsi tulivyolelewa sisi, unamwambiaje mtu mzima kama yule "toka, ukae kando" mbele za watu? Nikawa natoa vijana. Vijana wakaanza kuhama. Viongozi wa klabu wakasema: mkifungwa tena, timu inavunjwa. Nawaambia, nililisikia lile kochi likiniita kwa jina.

Mechi ikafika. Mvua, tope, na kufikia mapumziko tayari tumeachwa nyuma. Nikachechemea hadi golini.

"Unaniogopa?" Mzee akaniuliza.

"Nakuheshimu."

"Heshima gani hii? Kila Jumamosi watu wananicheka, nawe umesimama pale unawaangalia! Una neno, liseme."

Nikasema, "Mzee, toka."

"Umechelewa, mjinga wewe." Akavua kofia ya chuma, akampa kijana wa akiba, akaenda kujibanza chini ya mwavuli wa mke wangu. Alikuwa analia. Nami nililia, ila mvua ilinisitiri.

Tulitoka sare. Sare tu! Lakini tulishangilia mpaka wapinzani wakadhani wao ndio wamefungwa. Timu haikuvunjwa.

Msije mkadanganyika. Bado tuko mkiani. Goti linauma, kazi ya ghala haikurudi, na asubuhi nyingi sioni sababu ya kuvaa viatu. Navaa hivyo hivyo, kwa kuwa kuna watu wananingoja uwanjani kwenye baridi.

Namshukuru mke wangu, aliyenipikia hata nilipokuwa kama fenicha. Nawashukuru nyinyi mlionitembelea bila kuniuliza lini nitapona. Nililojifunza ni dogo: ukimwona unayemheshimu anaaibika, usinyamaze ukaita kunyamaza huko adabu. Msogelee, mwambie, kisha ubaki naye.

Na Mzee mwenyewe yuko pale nyuma, amekuja, haelewi neno hata moja la Kiswahili. Nimejaribu kumwambia asante kwa Kiingereza tangu siku ile, kila mara naishia kuzungumzia mvua. Tafadhali, mmoja wenu amwambie.