Kikapu cha Bitiruti cha Bibi Nakijwa

Bwana apewe sifa, ndugu zangu! Nianze na swali lililonishinda siku ile: mtu asiye na kidonda, asiyeumwa tumbo wala mgongo, kwa nini akojoe maji mekundu?

Mnanijua. Nilirudi kutoka chuo kikuu na maswali mengi, na baadhi yenu mliniombea nipone maswali hayo. Sijapona! Nashuhudia nikiwa nayo.

Mwaka ule nilichoka kupita kiasi. Kupanda kutoka shambani hadi nyumbani, hapa hapa Bombo, nilipumzika mara tatu. Mkasema nimepungukiwa damu. Siku ya sadaka ya mavuno, kwenye mnada nje ya kanisa, shangazi yangu akashinda kikapu cha bitiruti, akanikabidhi mbele ya wote. Zililetwa na Bibi Nakijwa, mjane jirani yetu, kutoka bustani yake kando ya mfereji.

"Kula, zinaongeza damu," shangazi akasema. "Na sadaka haitupwi hata kipande!"

Nami, na digrii yangu, nikaanza kukimaliza kikapu. Asubuhi juisi, mchana za kuchemsha, jioni tena. Tumbo likajaa gesi. Siku ya nne nikaona wekundu chooni. Nikapiga kelele.

Ndugu zangu, kabla jua halijatua majirani wote walikuwa na jibu!

"Yule bibi kakutegea uchawi kwenye bitiruti," shangazi akasema. "Jumapili utasimama umtaje, tukuombee."

"Shangazi, nimtaje kwa ushahidi gani?"

"Ushahidi si umeukojoa mwenyewe!"

Watu walicheka, lakini kesho yake hakuna aliyekubali kuchota maji pamoja na Bibi Nakijwa. Nilipomwamkia shikamoo, aliitika marahaba huku akitazama chini. Niliogopa kufa, sitawadanganya. Ila niliogopa zaidi kumwangamiza mama wa watu kwa neno langu. Nikakataa! Nikashuka Same kupimwa.

Daktari aliniuliza swali moja tu: "Umekula nini wiki hii?" Nilipomjibu, alicheka mpaka akavua miwani. Mkojo ulipopimwa, haukuwa na damu hata chembe. Ni rangi ya bitiruti! Akanieleza kuwa ni chakula kizuri, kina nyuzinyuzi za kulainisha choo na kinaweza kusaidia kushusha presha. Lakini anayemeza dawa za presha, au aliyewahi kupata mawe ya figo, aulize kwanza, na asile kikapu kizima kama mimi. Kisha akapima damu yangu. Ilikuwa chini kweli. Nikapewa vidonge vya madini ya chuma.

Jumapili nilisimama, kama shangazi alivyotaka. Nikamtaja Bibi Nakijwa: nikamwomba msamaha kwa niaba yetu sote! Walionikunjia uso niliwatazama machoni, na leo nawatazama tena.

Namshukuru Mungu asiyeogopa maswali. Alinifungua kutoka kwenye hofu, akanizuilia ulimi. Wewe unayemsengenya jirani yako leo, mtumaini Yeye, kisha panda gari ukapime!

Na hili nimelisoma miaka miwili baadaye: bitiruti haigeuzi rangi ya mkojo wa kila anayeila. Wekundu ule huonekana zaidi kwa mtu aliyepungukiwa madini ya chuma.